ARDHI, MTO NA MAKAO
Habari za Vijiji vya Waafrika katika Mji wa Nairobi



Baada ya hesabu za fedha na taarifa ya misaada iliyotolewa, tumeona yafaa kutenga kurasa chache kwa habari za zamani. Shauri tulilolichagua ni la ardhi ya makao katika mji huu wa Nairobi, na sababu yake yajulikana kwa kila mmoja wetu. Katika mvua za masika za mwaka wa 2024 mito ya Nairobi, Mathare na Ngong ilifurika, na katika nchi nzima ya Kenya watu zaidi ya 290 walipoteza maisha. Kabla matope hayajakauka, matingatinga yakafika. Amri ilitolewa kwamba wote wakaao kando ya mito waondoke, na maelfu ya nyumba zikavunjwa katika Mathare, Mukuru na penginepo.

Tangu siku zile, katika mabaraza yetu husikika maneno ya namna mbili. Wapo wasemao, "Watu hawa walijitakia wenyewe, nani aliwatuma kujenga mtoni?" Na wapo wasemao, "Hapa tulizaliwa, hapa tutakaa, wala hatutoki." Kila upande una wazee wenye busara. Lakini sisi twaona kwamba mtu hawezi kuamua kati ya maneno hayo mawili kwa haki kama hajui watu hao walifikaje mtoni. Kwa hiyo yatupasa turudi nyuma, tena mbali kidogo.

MJI JUU YA KINAMASI

Mahali hapa Wamasai walipaita kwa jina la maji baridi, nao waliponyweshea mifugo yao. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapa mwezi wa Mei 1899. Wenye reli walipapenda kwa kuwa ni tambarare ya mwisho kabla ya kupanda milima ya Ukikuyu. Palifaa kuweka karakana na mabohari. Hawakuchagua mahali pa kujenga mji mkubwa. Ardhi ya chini ilikuwa udongo mweusi unaonata, na mvua ikinyesha ilikuwa kinamasi. Mwaka wa 1902 tauni ilipoingia, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya wakubwa. Hivyo, katika miaka mitatu tu tangu mji uanze, watu wa hali ya chini walikwisha kuonja dawa ambayo tutaiona tena mara nyingi katika habari hizi: ugonjwa huonekana, na nyumba ya maskini ndiyo huondolewa.

Yafaa kila mwanachama aelewe umbo la mji wetu. Upande wa magharibi na wa kaskazini ni juu. Udongo wake ni mwekundu, maji hupita upesi, na hewa ni nzuri. Upande wa mashariki ni chini. Mito yote mitatu hutoka magharibi na kwenda mashariki. Mto Nairobi wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu. Wazungu walichukua sehemu za juu. Mwaka wa 1913 daktari mmoja kutoka Uingereza, William Simpson, alitoa shauri kwamba mataifa yatengwe katika makao yao kwa ajili ya afya, na shauri hilo likafuatwa katika kuupanga mji. Waafrika walielekezwa mashariki na katika mabonde. Tangu wakati huo, maji machafu ya walio juu yamekuwa yakishuka mpaka milangoni mwa walio chini.

SHERIA ILIYOMFANYA MWENYEJI KUWA MPANGAJI

Watu wengi hudhani kwamba mabanda ya Nairobi yalitokana na watu kukimbilia mjini ovyo. Kwa kweli shina lake liko katika sheria za ardhi.

Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1902 ilimpa Kamishna uwezo wa kuwakodisha wageni ardhi kwa miaka 99. Sheria ya mwaka wa 1915 ilirefusha muda huo kuwa miaka 999, na zaidi ya hayo ikaingiza katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza hata ile waliyokaa wenyeji kwa vizazi. Mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Barth aliitafsiri sheria hiyo katika kesi ya Wakikuyu wawili waliogombania shamba. Akaamua kwamba haki zote za wenyeji katika ardhi zimekwisha, na kwamba wao ni wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Mfalme tu. Kwa uamuzi huo mtu aliyezikwa babu yake pale na baba yake pale aliambiwa kwamba hana lake.

Wamasai walikuwa wameyaona hayo mapema. Mapatano ya mwaka wa 1904, yaliyowahamisha kutoka Bonde la Ufa, yalisema kwamba yangedumu maadamu kabila lao lipo. Mwaka wa 1911 yakafanywa mapatano mengine ya kuwahamisha kutoka Laikipia. Mwaka wa 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani, nao wakajibiwa kwamba mapatano yale ni mambo ya dola na dola, ambayo mahakama hazina nguvu juu yake.

Tusisahau pia sheria ya mwaka wa 1918 juu ya maskwota. Mtu aliyekaa katika shamba la Mzungu ilimlazimu kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka, naye hakuwa na haki yoyote ya kudumu mahali pale. Aliyefukuzwa shambani, na ambaye ardhi ya ukoo wake ilikuwa imechukuliwa, alikuwa na njia chache sana. Mojawapo ilikuwa njia ya Nairobi.

Hapa twapenda kuwakumbusha vijana kwamba vyama kama hiki chetu vilizaliwa katika shauri hili hili. Mwezi wa Desemba 1921, huko Lundha katika Gem, vijana wa Nyanza walikutana na kuiomba Serikali, pamoja na mambo mengine, wapewe hati za kumiliki ardhi yao. Mwaka wa 1929 chama cha Wakikuyu kilichoanzishwa mwaka wa 1924 kilimtuma Jomo Kenyatta London kupeleka malalamiko ya ardhi. Tangu mwanzo, basi, kuzikana na kusaidiana katika ugonjwa kulikwenda pamoja na kudai mahali pa kukaa.

PANGANI, PUMWANI NA KIBERA

Katika Nairobi ya kwanza Waafrika walijijengea vijiji vyao wenyewe: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini na vinginevyo. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, na mapaa mengi yalikuwa ya madebe yaliyonyooshwa. Walikaa humo Waislamu waliotoka pwani, Wakikuyu, Wakamba, Wamanyema na watu wa kila namna, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi waliojipatia mali kwa jasho lao. Nyumba zilikuwa zao. Ardhi ya chini haikuwa yao. Hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Serikali ya mji ilipima kijiji kipya cha Pumwani, ambacho wengi wetu twakiita Majengo, ili vijiji vingine vyote vifungwe. Pangani ilikataa kufa upesi. Watu wake walishikilia mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo ikabomolewa, na wenyeji wakaelekezwa katika nyumba mpya za halmashauri. Mtaa ule wapya waliuita Shauri Moyo. Jina hilo hufasiriwa na wazee kuwa ni la mtu aliyeachiwa kushauriana na moyo wake kwa kuwa hakuna mwingine wa kumshauri.

Kibera ilikuwa na habari zake. Askari Wanubi, waliotoka Sudani na kutumika katika jeshi la Mfalme, walipewa kukaa katika msitu ule, na jina la Kibra katika lugha yao lina maana ya msitu. Mwaka wa 1918 eka 4,197 zilitangazwa kuwa eneo la jeshi. Walijenga, wakapanda, wakazika. Lakini hati hawakupewa. Watawala waliofuatana waliwaita wapangaji wa Serikali, na ardhi ikakatwa kidogo kidogo kwa mitaa mingine ya mji. Mwaka wa 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipopokea hati ya pamoja ya eka 288. Ukipiga hesabu, haifiki sehemu moja katika kumi na nne ya eneo la kwanza. Nao majirani zao wa makabila mengine, ambao wamekaa Kibera kwa vizazi viwili au vitatu, wangali wapangaji wasio na hati.

Wanachama wetu waliotoka Mombasa hawatashangaa kwa habari hizi. Kule jambo hili lina jina lake: nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake kwa mawe na boriti juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi mwezi baada ya mwezi, na hata akiuza huuza kuta na paa tu. Mwenye kiwanja akibadilika, aliyejenga hutetemeka.

HALI YA HATARI NA MIAKA YA UHURU

Mwezi wa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Vibanda vya bonde la Mathare, palipokuwa machimbo ya mawe, vilibomolewa. Mwaka huo huo ulitangazwa mpango wa Swynnerton wa kukusanya mashamba na kuyaandikisha kwa hati. Mpango huo ulikuwa na faida kwa waliopata. Lakini wenyewe ulikiri kwamba baadhi ya watu watapata ardhi na wengine watakosa, na aliyekuwa kizuizini siku mashamba yalipopimwa hakuwa na mtu wa kusimama kwenye mpaka na kusema, "Hapa ni pangu."

Hali ya Hatari ilipokwisha mwaka wa 1960, waliokosa walikuja mjini. Mathare ikajengwa upya juu ya majivu ya ile ya kwanza. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipandishwa, na wengi walitumaini kwamba shauri la ardhi litamalizika. Kweli mashamba mengi ya Wazungu yalinunuliwa na kugawanywa. Lakini ndani ya mji mpango wa zamani ulibaki: mwenye hati alihesabiwa kuwa mtu wa mji, na asiye na hati alihesabiwa kuwa mgeni wa kupita, hata kama alifagia barabara za mji huo huo kila alfajiri.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wa Mathare waliunda makampuni ya kununua ardhi. Lilikuwa wazo zuri, lakini mara hisa zikaingia mikononi mwa wenye fedha walio nje ya bonde, vikajengwa vyumba vya kupangisha, na wengi wa waliotangulia wakawa wapangaji wa makampuni. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja kama 6,000 huko Dandora ili watu wa kipato cha chini wajijengee wenyewe. Hilo lilikuwa jema, nasi tunao wazee walioinukia huko. Lakini karibu nao, katika miaka hiyo hiyo, jiji lilifungua jaa lake kuu la takataka.

Ubomoaji haukukoma. Mwezi wa Mei 1990 Muoroto ilivunjwa, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikavunjwa Kibagare. Wakati uo huo ardhi ya umma, yaani viwanja vya shule, vya barabara, vya masoko na hata misitu, ilikuwa ikigawiwa wakubwa kwa siri, kama ilivyoonyeshwa na tume ya Ndung'u katika taarifa yake ya mwaka wa 2004. Walio wanyonge walipoona hayo, waliunda mwaka wa 1996 umoja wao ulioitwa Muungano wa Wanavijiji, wakaanza kujihesabu wenyewe, kuweka akiba, na kusimama mahakamani.

MAJI HUSHUKA, NA UCHAFU HUSHUKA PAMOJA NAYO

Twafika sasa kwenye kiini cha shauri letu. Ukosefu wa hati haukumnyima mtu karatasi tu. Ulimnyima maji, hewa na usalama. Tazameni jinsi jambo moja linavyozaa jingine.

Mtaa usiotambuliwa na sheria haupelekewi mfereji wa maji taka, kwa maana wakubwa husema kwamba kupeleka mfereji ni kukiri kuwa mtaa upo. Usipopelekewa mfereji, vyoo humwagika mtoni. Gari la takataka halina njia ya kupita, kwa hiyo takataka nazo huenda mtoni. Mto ukijaa takataka na matope, kina chake hupungua; na mvua ikija, maji yasiyo na kina hupanda ukingo. Huku juu, mashamba na bustani zilizokuwa zikinywa mvua zimefunikwa kwa saruji na lami, basi maji hushuka kwa haraka na kwa wingi kuliko zamani. Mwisho wa yote mtu wa bondeni huambiwa kwamba yeye ndiye aliyeharibu mto. Hata maji ya kunywa huyanunua kwa mtungi kwa bei inayopita ile alipayo mwenye bomba huko juu.

Yapo mengine pia. Bwawa la Nairobi, karibu na Kibera, lilijengwa mwaka wa 1953 na likawa mahali pa mashua na starehe. Leo limezibwa na gugumaji na uchafu. Jaa la Dandora, lenye eka kama 30, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini magari yakaendelea kumwaga. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilitoa taarifa ya uchunguzi wa watoto 328 wakaao karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Mwezi wa Septemba 2011, huko Sinai katika Mukuru, mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba yalishika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Walikuwa wamejenga juu ya bomba kwa kuwa pale ndipo palipokuwa na nafasi.

Kule Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru ulipata jirani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi na maji yake vilileta risasi katika damu za watoto. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliugua, aliwaongoza majirani kudai haki. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufani ilitengua sehemu ya hukumu hiyo, lakini mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Jambo la kuangalia ni hili: watu wa Owino Uhuru walikuwa maskini wa makao ya kubahatisha, lakini mahakama ilisema wana haki ya kuishi katika mazingira safi kama mtu mwingine yeyote.

Wala tusidhani kwamba ni maskini tu wajengao mtoni. Mwaka wa 2018 majumba makubwa ya maduka yalivunjwa katika Nairobi kwa kosa hilo hilo. Lakini mwenye jumba alikuwa na hati na ramani yenye mihuri ya ofisi, na alikuwa na mahali pengine pa kulala usiku ule.

SHERIA ZA SIKU HIZI

Wazee waliozoea sheria za zamani wajue kwamba mambo yamebadilika. Katiba ya mwaka wa 2010 yasema katika Ibara ya 42 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika Ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya makao yafaayo. Imegawa ardhi katika sehemu tatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, yataka watu wapewe taarifa ya maandishi ya miezi isiyopungua mitatu kabla ya kuondolewa.

Mwezi wa Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilivunjwa na maelfu ya watu wakaachwa nje. Kesi yao ilikwenda miaka mingi. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu asiye na ardhi aliyejenga makao yake katika ardhi ya umma hapati hati ya ardhi ile, lakini hupata haki ya makao ambayo sheria yapaswa kuilinda. Ukiulinganisha uamuzi huu na ule wa Jaji Barth wa mwaka wa 1921, utaona tumetembea mwendo wa miaka mia moja kasoro kidogo tu.

Hata hivyo hukumu ni jambo moja na tingatinga ni jingine. Mwaka wa 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mpango maalumu, wenyeji wakashirikishwa katika kupanga njia, maji na nyumba. Lakini kuanzia mwezi wa Oktoba 2021 makumi ya maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kwa ajili ya barabara. Na katika mafuriko ya mwaka wa 2024 watu wa kando ya mito walipewa muda wa saa, si wa miezi, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila jamaa. Mwezi wa Machi 2025 Serikali ilianzisha kazi kubwa ya kuusafisha Mto Nairobi. Sisi twaipokea kazi hiyo kwa furaha, maana hakuna anayetamani mto safi kuliko yule anayelala kando yake. Twauliza tu: mto utakaposafishwa, aliyeuvumilia uchafu wake miaka hamsini atakuwa wapi?

YATUPASAYO

Sasa twarudi kwa maneno yale mawili ya barazani. Yule asemaye kwamba watu wa mtoni walijitakia, hajaona sheria za 1902, 1915 na 1918, wala hajaona Pangani na Mathare zikibomolewa. Watu walisukumwa mpaka pale ambapo hapana mwingine aliyepataka. Na yule asemaye "hatutoki", naye ajue kwamba maji hayasomi hati. Mto una njia yake, na usiku wa mafuriko hauna baraza. Kumwacha mtoto alale mkondoni ili tushinde hoja si ushindi.

Basi msimamo wetu, tunaouweka mbele ya mkutano mkuu ili ujadiliwe, ni huu: mto upewe nafasi yake, na mtu wa mto apewe yake. Kumwondoa mtu bila kumwonyesha mahali ni kumhamisha kutoka mto huu mpaka mto ule. Na mahali hapo pasiwe mbali na kazi yake, maana mtu wa kibarua akipelekwa mbali hurudi, tena hurudi ukingoni.

Kwa upande wetu wenyewe yapo mambo tuyawezayo bila kungoja mtu. Kwanza, kila mwanachama aliye na barua ya chifu, leseni ya muda, stakabadhi ya kodi au ramani ya zamani, hata ikiwa imechakaa, aitunze na kumpa Katibu nakala yake. Watu wa Pangani walikuwa na nyumba lakini wengi hawakuwa na karatasi. Pili, tuhesabu wenyewe jamaa zetu walio kando ya mito, majina na idadi ya watoto, ili siku ya amri tusiulizwe mlikuwa wangapi tukakosa jibu. Tatu, asiwepo mwanachama wa kununua kiwanja mkondoni kutoka kwa dalali, hata kikiwa rahisi namna gani.

La nne ni gumu, lakini hatuna budi kulisema. Miongoni mwetu wamo wenye vyumba vya kupangisha katika mabonde. Ubomoaji ukija, mwenye chumba hupoteza mabati, na mpangaji hupoteza kila kitu. Tena fidia ikitolewa, mara nyingi hugombaniwa na wenye vyumba, na mpangaji husahauliwa. Tusifanye kwa wapangaji wetu lile ambalo Serikali ya Mfalme ilifanya kwa baba zetu, yaani kuchukua kodi na kuwaita watu wasio na lao. Mwenye chumba kilicho karibu mno na maji na akifunge mwenyewe mapema, ampe mpangaji wake muda na msaada wa kuhama. Chama kitakuwa na nguvu ya kudai haki serikalini kikiwa kimeitenda nyumbani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulianza zamani katika vitabu vya sheria, ukateremka mpaka ukingoni mwa mto. Masika mengine yatakuja. Twawaomba wazee watakaohudhuria mkutano mkuu wayatafakari haya, waseme waliyoyaona kwa macho yao, na Katibu ayaandike, ili watakaotufuata wasiambiwe kwamba walianza kukaa hapa jana.

Ni sisi wenu katika utumishi,
Halmashauri ya Chama.